Neno Lililompotea Ngendo

Ngendo alirudi kazini Julai ile ya 1998 akiwa bado anakohoa. Nimonia ilikuwa imemlaza kwa dada yake huko Kiganjo kwa majuma kadhaa, na daktari alikuwa amemwambia ajiepushe na baridi, jambo lisilowezekana Nyeri mwezi wa Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Alipanda ngazi hadi ofisini, chumba kimoja juu ya duka la Harun, fundi wa redio na kompyuta, akakuta hewa ya ndani ina harufu ya moshi wa kuni na ugoro. Akafungua dirisha. Kisha akaketi na kuiwasha ile kompyuta ndogo ya kukunja kama kitabu, na mashine ikamwomba neno la siri.

Aliweka vidole juu ya herufi. Vidole havikwenda popote.

Shirika lililomwajiri lilikuwa dogo, yeye na mkurugenzi wake tu, Bwana Njeru, mtu wa Embu. Kazi yao ilikuwa kuwatembelea wazee na kunasa sauti zao wakisimulia hali ya hatari ya miaka ya hamsini, walipoondolewa mashambani na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na kulindwa na homugadi, askari Waafrika wa serikali ya kikoloni. Kaseti zilikuwa chache. Kila mazungumzo yalihamishwa kwa waya hadi kwenye kompyuta, kisha kaseti ikatumika kwa mzee mwingine na sauti ya kwanza ikafutika. Msimamizi wa mashine alikuwa Ngendo peke yake. Bwana Njeru hakupenda hata kuigusa. Siku ya mwisho kabla ya kuugua, Ngendo alikuwa amebadilisha neno la siri. Hilo alilikumbuka vizuri, hata mvua iliyokuwa ikinyesha wakati huo aliikumbuka. Neno lenyewe ndilo halikuwapo, kana kwamba mtu alikuwa amefagia mahali lilipokaa.

Alijaribu jina lake, la mama yake, la kijiji alikozaliwa, majina ya vitabu vya Biblia. Alijaribu maneno ya zamani aliyokuwa ameyatumia kabla. Kila mara mashine ilimjibu kwa kisanduku kilekile cha kijivu. Feni yake ndogo ilikuwa ikivuma kwa vipindi, ikinyamaza, ikivuma tena, kama mtu aliyelala chumba kimoja nawe. Mara mbili Ngendo aligeuka kuangalia kiti cha wageni kilichokuwa nyuma yake.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakutaka kulifikiria. Siku ileile ya mvua alikuwa ametoka Othaya, kwa mwanamke mzee aitwaye Wacera. Alikumbuka njia ya matope kati ya michai. Alikumbuka kikombe cha bati alichopewa, na mzee mwenyewe, miguu mitupu, amejifunika shuka la kahawia, akitoa ugoro kutoka kichupa kidogo. Walikaa mchana kutwa. Lakini kile mzee alichomweleza hakikuwapo. Alikuwa na mwanzo, alikuwa na kwaheri mlangoni, na katikati ya hivyo viwili palikuwa peupe.

Siku ya pili alimwita Harun. Harun alizaliwa Majengo palepale mjini, mtu mpole aliyezoea kuzungumza huku macho yake yako ndani ya redio ya mtu. Safari hii aliifunga mashine, akaigeuza, akaitazama mgongoni kisha akaiweka tena mezani.

"Dada Ngendo, niko na njia mbili," alisema. "Ya kwanza nafuta yote, naweka Windows mpya. Itafunguka, lakini ndani hautapata kitu."

"Na ya pili?"

"Natoa diski yake, naisomea kwa kompyuta ingine. Hiyo inataka kiunganishi fulani, na hapa Nyeri hakuna. Lazima kitoke Nairobi. Labda wiki ijayo."

Ngendo alimwambia aagize, na asifute chochote hata Bwana Njeru akimwomba. Harun alikubali. Alipofika mlangoni alisimama, kama mtu aliyesahau kifaa.

"Mgeni wako wa jana alishuka saa ngapi? Nilifunga duka sikumwona akitoka."

Ngendo alisema hakuwa na mgeni jana.

"Mama mmoja mzee sana. Alipita mlangoni kwangu akapanda ngazi. Nilimsalimia, hakuitikia. Nilishangaa tu vile alikuwa bila viatu na hii baridi."

Ngendo hakumuuliza alivaa nini. Alimshukuru, akasubiri hatua zake zifike chini, kisha akachukua koti lake na kwenda kukaa kanisani mpaka saa za kufunga ofisi. Bwana Njeru, aliyekuwa Murang'a kwa kazi, alipopiga simu jioni, Ngendo alimwambia mashine ina hitilafu kidogo. Hakumwambia kingine.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mwanamke amesimama kwenye ngazi, leso nyeusi kichwani, viatu vimejaa matope mekundu. Mwanamke alijitambulisha kuwa ni Warigia, binti ya Wacera wa Othaya. Ngendo alimkaribisha ndani. Alijua kabla ya kuambiwa.

"Mama alitutoka Jumapili," Warigia alisema.

Harun alikuwa amemwona mzee kwenye ngazi siku ya Jumatatu. Ngendo alishika ukingo wa meza, akatoa pole, na alipoona mgeni wake bado amesimama akamwonyesha kiti.

Warigia alieleza polepole, kama mtu aliyekuwa amejipanga njiani. Siku zake za mwisho mama yake alikuwa akisema neno moja, kwamba asizikwe nyuma ya nyumba alipolazwa baba, bali azikwe karibu na yule. Walipomwuliza yule ni nani, alisema yule msichana wa mashine anajua, alimweleza yote. Kaka zake Warigia waliona ni maneno ya homa. Kaburi lingechimbwa nyuma ya nyumba, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Lakini Warigia ndiye aliyemuuguza na kumlisha mama yake, na aliyaona macho yake alipokuwa akisema. Hayakuwa macho ya homa. Kwa hiyo alikuwa ameondoka alfajiri bila kuwaambia.

"Alikuambia yule ni nani?"

"Aliniambia," Ngendo alisema.

"Na yuko wapi?"

"Nafikiri hata hilo aliniambia."

"Basi niambie, nimpelekee kaka zangu."

Ngendo alitazama mikono yake. "Sikumbuki, dada. Sikumbuki hata neno moja."

Alimweleza yote: ugonjwa, kaseti ambayo tayari ilikuwa na sauti ya mzee mwingine wa Murang'a, kompyuta iliyofungwa, fundi na kiunganishi cha wiki ijayo. Alitarajia hasira. Angeipokea vizuri zaidi. Warigia alikunja mikono mapajani na kusema kwamba hana mahali pengine pa kwenda, na kama si vibaya, atakaa hapo kidogo.

Akakaa. Ngendo aligeukia mashine na kuanza upya, kwa kuwa kukaa bure mbele ya mgeni huyo kulimshinda. Othaya. Wacera. Chai. Mvua. Alijaribu kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, kwa herufi kubwa na ndogo. Nje ukungu uliziba dirisha kama blanketi. Harufu ya moshi ilirudi, na safari hii Ngendo alijiambia kwamba inatoka kwenye nguo za Warigia, na huenda ilikuwa kweli.

Ilikuwa imepita kitambo alipogundua kwamba Warigia alikuwa akiimba. Hakuwa akiimba hasa, alikuwa akivumisha tu, mdomo umefungwa, macho yako sakafuni, kama wafanyavyo watu ambao hawajui kwamba wanasikika. Wimbo mfupi, unaopanda kidogo kisha kushuka, kisha kuanza upya. Ngendo aliacha kuandika. Wimbo ulipofika pale unaposhuka, mdomo wake ulisogea wenyewe.

"Wimbo huo una maneno?" aliuliza.

Warigia alishtuka, akaomba radhi. "Hauna. Ni wa mama. Aliuvumisha akipika, akichuma chai, hata alipokuwa akitunyoa. Tulipokuwa wadogo tulimwuliza maneno yake, akasema aliyasahau."

"Uvumishe tena."

Warigia alimtazama, kisha akafanya alivyoombwa. Na pale wimbo unaposhuka Ngendo alisema kwa sauti, "Kahora."

Ni neno la Kikuyu, lenye maana ya polepole, taratibu, neno la kumtulizia mtoto. Warigia alikuwa amelisikia maelfu ya mara katika maisha yake na halikumaanisha kitu chochote cha ajabu. Lakini Ngendo alikuwa amegeuka na kuliandika. Kisanduku cha kijivu kilitoweka. Mashine ilikoroma, ikawaza, kisha skrini ikajaa buluu na vile vijipicha vidogo vya kazi yake, vyote mahali pake.

Ngendo alitafuta sauti ya Othaya, akaipata, akamwuliza Warigia kama yuko tayari. Warigia alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

Kwanza kulisikika mvua juu ya mabati, na kikombe kikiwekwa chini. Kisha Wacera akaanza, kwa sauti kavu, isiyo na haraka, na Warigia akafunga macho.

Alisema kwamba kabla ya watoto wote wanaojulikana alikuwa na mwingine. Mumewe alikuwa kizuizini. Mtoto aliitwa Ndungu, jina la babu yake, lakini hakuwahi kuitwa hivyo, kwa kuwa kijijini ilibidi watoto wanyamazishwe amri ya kutotoka nje usiku ikianza, na yeye alimwambia kahora, kahora, mpaka mtoto akadhani ndilo jina lake na kuliitikia. Tumbo la kuhara lilipita nyumba hadi nyumba. Mtoto alikufa jua likizama, wakati hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Na Wacera alijua vizuri kwamba asubuhi wangekuja kuwachukua waliokufa na kuwatupa pamoja shimoni. Kwa hiyo alimfunga mgongoni kama anavyofungwa mtoto aliye hai, akatambaa mpaka pale handaki lilipokata kona kuelekea mtoni, penye jiwe lenye mgongo kama ng'ombe aliyelala, akachimba kwa sufuria.

"Nilikuwa nimemaliza nusu," sauti ilisema, "mwanga wa tochi ukaniangukia. Homugadi alikuwa juu ya ukingo na bunduki yake. Sikukimbia. Nilimwimbia mtoto tu, nikangoja anipige risasi. Akazima tochi. Sikusikia akiondoka. Nilichimba gizani nikijua yuko pale, na mpaka leo sijui ni nani."

Alisema hakumwambia mumewe aliporudi, na hakuwaambia watoto. Wangesikitika kwa ajili ya mtu wasiyemjua, hiyo ingewasaidia nini. Kisha akanyamaza, na mvua ikasikika muda mrefu. Ngendo alidhani imekwisha, akanyoosha mkono kuizima.

"Sasa nimekupa wewe," mzee alisema. "Wewe ni kijana. Utasahau?"

Na sauti ya Ngendo mwenyewe, imejaa machozi, ikajibu kama mjukuu kwa bibi yake, "Siwezi kusahau, shosho."

Ngendo alifunika uso. Yote yalimrudia kwa pamoja, jinsi alivyorudi ofisini amelowa, jinsi alivyohamisha sauti huku akitetemeka kwa homa iliyokuwa ikianza, na jinsi alivyoamua kuliweka jina hilo kuwa ufunguo wa mashine, ili katika dunia hii pawe na mtu mmoja anayelitaja kila asubuhi. Alikuwa ameliweka mahali pa heshima kuliko pote alipopajua, na hapo hapo likampotea.

Warigia alikuwa akilia bila sauti. Baadaye alimshika Ngendo begani na kumwambia maneno ambayo Ngendo aliyashika maisha yake yote: "Lilikuwa zito. Mama mwenyewe ilimchukua miaka zaidi ya arobaini kulisema. Usijichukie."

Siku hiyohiyo walikwenda Othaya pamoja. Kijiji cha handaki hakikuwapo tena. Watu walikuwa wamerudi mashambani zamani, na mahali pale sasa pamejaa michai. Lakini kona ya handaki bado ilionekana, bonde dogo lililolainika kwa miaka, na shamba lilikuwa la mtu aitwaye Kahiga. Warigia alimfahamu kwa sura tu. Familia hizo mbili hazikuwa na mazoea. Baba yake Kahiga alikuwa homugadi.

Kahiga aliwasikiliza amesimama, kikapu cha chai bado kiko mgongoni. Walipotaja jiwe alishusha kikapu na kutembea mbele yao. Michai ilikuwa imebanana shamba zima, safu kwa safu, mpaka chini ya lile jiwe. Hapo palikuwa na kipande cha ardhi kisichotoshea mtu mzima kulala, kimeota nyasi, hakuna hata mche mmoja.

"Baba hakuruhusu papandwe," Kahiga alisema. "Aliponiachia shamba alinikataza. Nilimwuliza kuna nini, akasema kuna mtoto wa mtu. Nilidhani ni mtoto wa watu wetu." Alimtazama Warigia. "Huyo homugadi aliyemwona, mama yako alisema alimfanya nini?"

"Alisema alizima tochi," Warigia alijibu.

Kahiga aligeuka akatazama upande wa mto, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Ngendo na Warigia walisubiri. Ukungu ulikuwa ukipita kati ya michai kwa vipande, na kwa kitambo Ngendo alihisi kwamba wako wanne pale, au watano. Hakuogopa kama alivyoogopa ofisini.

Kumzika Wacera katika shamba la Kahiga kusingewezekana, kaka zake Warigia wasingekubali na pengine hata Wacera mwenyewe asingetaka kulala katika shamba la watu. Kahiga ndiye aliyetoa shauri, kwamba mtoto apelekwe kwa mama yake. Alileta jembe, akalikabidhi kwa Warigia kwa mikono miwili, akarudi nyuma. Warigia alichimba kwa uangalifu. Hawakupata kitu, wala hawakutarajia kupata, udongo ule haubakizi mifupa midogo. Alijaza kitambaa chake cha kichwa udongo kutoka chini kabisa, akaufunga, na alipoinuka, bila kufikiri, aliuweka mgongoni.

Jumamosi watu walikuwa wengi. Kaka zake Warigia hawakuamini habari ya mtoto huyo. Mkubwa wao alisema wazi kwamba haiwezekani awe na kaka asiyemjua, na kwamba mjini watu hutunga mambo. Kwa hiyo kabla ya jeneza kutolewa Ngendo aliingia jikoni kwa Wacera na ile kompyuta, akaifungua juu ya kigoda, na familia ikaingia, kisha majirani, mpaka mlango ukazibwa na watu. Kahiga alisimama nje karibu na ukuta, mahali anapoweza kusikia bila kuonekana sana.

Sauti ya marehemu ilisikika katika nyumba yake. Mwanamke mmoja alitoka nje mara moja. Wengine walibaki, vichwa chini. Kaka mkubwa alikuwa amekunja mikono, na mtoto alipotajwa jina, jina la babu yao, mikono ilishuka. Sauti ikafika handakini, ikafika kwenye jiwe. Taa ndogo ya betri ilikuwa imeanza kupepesa kitambo, na Ngendo aliiona, lakini nyumba haikuwa na umeme na hapakuwa na la kufanya. "Nilikuwa nimemaliza nusu," Wacera alisema, "mwanga wa tochi ukaniangukia," na skrini ikazimika.

Ngendo alikuwa akijiandaa kuwasimulia yaliyobaki, lakini kabla hajafungua mdomo, mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi karibu na mafiga, jirani ambaye siku zote za matanga hakuwa amesema neno, alikohoa.

"Kule kijijini nilikaa nyumba ya pili kutoka kwake," alisema. "Niliiona tochi hiyo kupitia ufa wa ukuta. Na mimi nilikuwa na wangu wa kuzika."

Kaka mkubwa alichuchumaa mbele yake. Nje mhubiri aliuliza kama wako tayari, na mtu akamwambia angoje.